Mahusiano au uhusiano? Jibu kwa binti aliyechekwa kwa barua ya kazi

SWALI

Shikamoo mwalimu. Naishi Tabata, nimesomea ugavi na natafuta kazi. Juzi niliandika barua ya kuomba nafasi kwenye kampuni moja inayotoa mizigo bandarini, na katikati nikaweka sentensi hii: "Nina mahusiano mazuri na meneja wangu wa zamani, ambaye yuko tayari kunidhamini." Nikampa dada yangu aipitie. Alicheka mpaka akakaa chini, akasema nimewatangazia watu kwamba natembea na bosi. Shemeji naye akachukua kalamu, akakata "mahusiano" na juu yake akaandika "uhusiano", akisema hilo la kwanza halimo kwenye Kiswahili. Akakata pia "kuhusiana na" kwenye mstari wa kwanza, nilipoandika "Naandika kuhusiana na tangazo lenu", akaweka "kuhusu". Kijana wa steshenari aliyenichapia anasema yote ni sawa, watu wanatumia. Nimsikilize nani? Nimekuambatanishia picha ya barua.

JIBU

Marahaba, binti yangu.

Najua barua inasubiri, kwa hiyo hukumu kwanza. Kila mmoja wenu ana kipande chake cha haki, ila aliyekuokoa ni dada yako. "Mahusiano" ni Kiswahili, na shemeji amelionea. Lakini pale ulipoliweka, karibu na mtu mmoja na bila neno jingine la kulifafanua, msomaji wa Dar es Salaam halichukulii kikazi hata kidogo. Kwenye "kuhusu", shemeji alipatia. Na kijana wa steshenari mpe hela yake ya uchapaji, ushauri wake uache hapohapo.

Sasa tulipasue neno lenyewe.

Tazama juu ya barua yako, pale ulipoandika YAH na nukta mbili, kisha kichwa cha habari kwa herufi kubwa. Kila aliyesoma sekondari Tanzania alifundishwa kuiandika hiyo YAH, na wengine wanaiandika hadi wanastaafu bila kuuliza ni nini. Ni mkato wa "yahusu". Barua yahusu maombi ya kazi. Kwa hiyo kabla hujafika kwenye sentensi iliyowavunja watu mbavu, mzizi wa neno ulikwisha kuutumia, tena kwa usahihi.

Mzizi huo ni husu. Asili yake ni Kiarabu, na haukuja peke yake. Ulikuja na ndugu zake hasa, hususan na mahsusi. Yaweke maneno hayo pamoja uone yanavyozunguka wazo moja, la kukitenga kitu kiwe cha fulani na si cha kila mtu. Chumba mahsusi kimetengwa. Nimekuja hasa kwa ajili yako, maana yake wengine mtanisamehe. Na jambo likikuhusu, limekulenga wewe. Shika hapo kwenye kulenga, kwa sababu kuhusu kunakwenda upande mmoja tu. Tangazo la kukatika kwa umeme Tabata linakuhusu. Wewe hulihusu tangazo hilo kwa lolote. Mtaani hili wanalijua bila kufundishwa sarufi. "Inakuhusu nini?" Mtu akiulizwa hivyo hasubiriwi kujibu, anasubiriwa kuondoka.

Kiswahili kina kiungo kidogo cha kuugeuza upande mmoja kuwa pande mbili, nacho ni -an-. Penda, pendana. Saidia, saidiana. Kwa vitenzi vya mkopo vinavyoishia na u, hiyo u huwa i kwanza: jibu ikawa jibiana, salimu ikawa salimiana, heshimu ikawa heshimiana, na husu ikawa husiana. Ukitaka jina la jambo lenyewe unafunga kwa o na kutanguliza kiambishi: uhusiano. Ndani ya neno, kabla hujaongeza chochote, wamo wawili. Ndiyo maana halitulii mpaka lipate "na", "kati ya" au "baina ya". Uhusiano wangu na meneja. Uhusiano baina ya Bara na Visiwani. Ukimsikia mtu anasema "ana uhusiano" akanyamaza, masikio yako yenyewe yanauliza: na nani?

(Usiichanganye -an- hii na -kan- ya onekana, patikana na julikana, ambayo haina mwenzi. "Tulionana Kariakoo" ni kwamba tulikutana. "Tulionekana Kariakoo" ni kwamba kuna mtu alituona, na pengine tayari amekwisha kumpigia mtu simu.)

Kipimo chepesi cha kutambua kitenzi cha pande mbili ni kujaribu kumpachika mtendwa ndani yake. "Linanihusu" inakubali. "Linanihusiana" inagoma, kama "ananipendana" inavyogoma. Hakuna nafasi ya mtendwa kwa sababu mwenzi ameshaingia kupitia -an-. Anayebaki nje anaingizwa kwa "na". Hiki ndicho kipimo kinachomaliza ugomvi wenu wa mstari wa kwanza.

"Naandika kuhusiana na tangazo lenu." Jiulize: hapo kinachohusiana na tangazo ni kipi? Wewe? Uandishi wako? Hakuna vitu viwili vilivyoelekeana. Kuna barua, na kuna kinachozungumzwa. Huo ni upande mmoja, na kazi ya upande mmoja hufanywa na "kuhusu". Sikiliza taarifa ya habari jioni hii uhesabu mwenyewe: mkuu wa wilaya amezungumza kuhusiana na usafi, mbunge ameuliza kuhusiana na barabara, kocha amefunguka kuhusiana na mchezo wa kesho. Zote hizo ni "kuhusu", na hakuna maana itakayopungua ukibadilisha. Kilichosambaza "kuhusiana na" ni urefu wake. Tuna udhaifu huo Dar es Salaam. Neno likiwa refu tunaliona limevaa tai.

Lakini usilifute kila unapolikuta, maana lina mahali pake. Magonjwa yanayohusiana na lishe: lishe inachangia ugonjwa, na ugonjwa unaturudisha kwenye lishe. Kesi mbili zinazohusiana. Kupanda kwa nauli za daladala kunahusiana na bei ya mafuta. Hapo vitu viwili vimeshikana kweli, na ukiweka "kuhusu" sentensi inavunjika. Kuna pia lile la polisi, "watu watatu wanashikiliwa kuhusiana na wizi huo". Wahariri wenzangu wengine hulikata. Mimi huliacha lipite, kwa sababu linadai kweli kuwepo kwa kiungo kati ya watu hao na wizi, ingawa "kwa tuhuma za" lingekuwa safi zaidi na lingewatendea haki ambao bado hawajafikishwa mahakamani.

Ndugu wengine wa ukoo huu nitawapitia haraka. Kuhusika ni kuwa na sehemu yako katika jambo, na humo akatoka mhusika wa hadithi, na wale "wahusika" wa matangazo ya mtaani wanaoombwa kila mwaka wachukue hatua na ambao hakuna aliyewahi kuwaona. Kuhusisha ni kumwingiza mtu au kitu. Kuhusianisha ni kuchukua vitu viwili na kuonyesha vilivyoshikana. Hayo hayana ugomvi.

Ugomvi uko kwa shemeji yako na kiambishi ma-.

Hoja yake ni ya darasani, na haina ubaya wa nia. Inakwenda hivi: uhusiano ni jina la dhahania, kama uhuru au ujinga, vya dhahania havihesabiki, visivyohesabika havina wingi, basi "mahusiano" ni uzushi. Mnyororo huo unakatika kwenye pete ya tatu. Ugonjwa una magonjwa, ugomvi una magomvi, uovu una maovu, uasi una maasi. Tunapotaka kuzungumzia jambo la dhahania kama limetokea mara nyingi, au lina sura nyingi, lugha inatuazima ma-, na imekuwa ikifanya hivyo kabla mimi na shemeji hatujazaliwa.

Tena ukitazama majina yanayotokana na vitenzi vya -ana, utaona ma- ndiyo makao yake makubwa. Mapatano, makubaliano, maelewano, mashauriano, majadiliano, mahojiano, mawasiliano, mapigano, mashindano. Sababu naiona kwenye tendo lenyewe. Watu wakijadiliana, huyu anasema, yule anajibu, wa tatu anaingilia. Jambo linakwenda na kurudi, na kila upande una mchango wake. Ma- ni ngeli inayopenda vitu vinavyokuja kwa wingi bila kuhesabiwa kimoja kimoja: maji, maziwa, maisha, mazingira. Mdomo uliozoea kusema "maelewano" na "mawasiliano" ulitamka "mahusiano" bila kushawishiwa na mtu.

Wapo waliokwenda kwingine. Muungano, mkutano, mshikamano na mgongano walichukua m-, nayo inakupa hisia ya kitu kimoja kilichokwisha kuundika au tukio moja. Tanganyika na Zanzibar zilipoungana tarehe 26 Aprili 1964, jina lililofaa lilikuwa Muungano, kitu kimoja kutokana na viwili. Ushirikiano na utangamano zilibaki kwenye u-, pamoja na uhusiano. Lakini panda boti pale Posta, uteremke Unguja, usikilize: pale sisi wa Bara tunaposema "ushirikiano", wenzetu wanasema "mashirikiano", na wanalisema barazani na kwenye hotuba bila kuona haya. Na lahaja yao, Kiunguja, ndiyo iliyochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Sijui shemeji atawaambia nini.

Serikali nayo ilikwisha kulipokea siku nyingi. Sheria inayosimamia mikataba ya kazi, vyama vya wafanyakazi na migomo nchini inaitwa kwa Kiswahili Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya mwaka 2004. Katika serikali ya awamu ya nne palikuwa na Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais, Mahusiano na Uratibu. Kwa hiyo wewe mwenye barua ya ukurasa mmoja huna kosa la kujitetea.

Hata hivyo, kuwepo kwa neno hakulifanyi lifae kila mahali, na hapa nina msimamo ambao si kila mwalimu mwenzangu anaukubali. Kwangu uhusiano ni kile kifungo chenyewe, kimoja, kilichopo au kisichopo. Mahusiano ni yale yote yanayopita juu ya kifungo hicho, au vifungo vingi vikiwa pamoja. Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya suala la Rhodesia, na ukarejeshwa mwaka 1968. Hapo ni uhusiano, kwa u, maana kilichokatwa na kuungwa tena ni kimoja. Sheria ile ya 2004 inagusa mwajiri na mfanyakazi, mfanyakazi na chama chake, chama na mwajiri, likizo, migogoro na usuluhishi. Hapo "mahusiano" ndiyo yenyewe. Na ukiandika kuhusu sigara na saratani, andika uhusiano. Ni vitu viwili na kiungo kimoja, na ukiweka "mahusiano" unampa msomaji picha ya vikao.

Chagua lolote, kisha lifuate mpaka mwisho wa sentensi. Uhusiano mzuri, uhusiano huu, uhusiano wetu unaodumu. Mahusiano mazuri, mahusiano haya, mahusiano yetu yanayodumu. Nasema hivi kwa sababu nimeikuza picha uliyonitumia. Shemeji amekata "mahusiano" kwa kalamu nyekundu na kuandika "uhusiano" juu yake kwa mwandiko wa kujiamini, ila mkia ameuacha. Sentensi sasa inasomeka: "Nina uhusiano mazuri na meneja wangu wa zamani." Yako ilikuwa na tatizo la maana tu. Yake imeongeza la sarufi. Mwambie kwa heshima. Shemeji ni mtu wa kutaniwa, lakini si mbele ya wageni.

Tufike kwenye kicheko cha dada.

Kiswahili kina tabia ya kuligawa wazo moja kwa viambishi, u- likabaki la heshima na ma- likaingia mitaani. Mfano wake mkubwa ni upendo na mapenzi. Yote yametoka kwa penda. Mchungaji akihubiri upendo kanisani hakuna anayeinua macho. Akihubiri mapenzi, vijana wa kwaya wanatazamana, mpaka aongeze haraka "ya Mungu". Uhusiano na mahusiano yamefuata njia hiyohiyo, na kwa Dar es Salaam ya leo safari imekwisha. "Uko kwenye mahusiano?" Hakuna anayeulizwa hivyo akadhani anaulizwa kuhusu kazi. Mshauri wa mahusiano anayeongea redioni usiku hashauri vyama vya wafanyakazi.

Safari yenyewe si ngumu kuifuatilia. Magazeti yalikuwa yakiandika "uhusiano wa kimapenzi", maneno matatu, kwa sababu mwandishi hakutaka kutumia lugha ya mtaani. Watu wakaona "wa kimapenzi" ni mzigo, wakautua. Lakini nadhani lipo la zaidi, nalo ni kwamba neno lilikuwa linahitajika. Fikiria kijana na binti wanaopendana na hawajaoana. Ukisema ni wachumba, umewaingizia posa, mshenga na mazungumzo ya mahari. Wazazi wake wakisikia watauliza barua iko wapi. Ukisema ni hawara, umemtukana mmoja wao au wote wawili. "Rafiki" linaficha mno, na "mtu wangu" linatosha kwenye simu lakini si mbele ya shangazi. Kati ya posa na matusi palikuwa na uwazi mkubwa ambamo nusu ya vijana wa jiji hili wanaishi, na neno la adabu halikuwapo. "Mahusiano" lilikaa pale vizuri. Ni la ofisini, halina harufu, na unaweza kulitamka mbele ya mama mkwe mtarajiwa. Wazee wenzangu wanaolichukia wangetuambia kwanza walitaka vijana waseme nini.

Matokeo yake ndiyo hayo yaliyokupata. Ukiandika "nina mahusiano mazuri na" ukafuatisha mtu mmoja, wa jinsia nyingine, tena mkubwa wako wa kazi, msomaji ameshafika chumbani kabla hajafika kwenye nukta. Na dawa ya shemeji haikutoshi hapa, hata akiurekebisha ule mkia. "Ana uhusiano na bosi wake" nalo ni umbea uliokamilika. U- inapunguza makali kidogo, basi. Kinachosafisha ni kifafanuzi: uhusiano wa kikazi, uhusiano wa kibiashara, uhusiano wa kindugu. Bila hicho, mtu na mtu wakitajwa pamoja na neno hili, jiji linajaza lenyewe. Taasisi na taasisi hazina shida hiyo. Benki inaweza kuwa na mahusiano mazuri na wateja wake na hakuna atakayecheka, na Afisa Uhusiano anaweza kujitambulisha popote.

Kuna maana ya pili ambayo dada hakuiona, na kwa mwajiri huenda ndiyo mbaya zaidi. Sentensi yako inaweza kusomwa kama ya kujuana. Unajua tunavyosema, kazi za siku hizi ni za kujuana. Kujua kwenyewe hakutoshi mpaka kuwe na -ana. Vijana wanaita koneksheni (ambalo nalo mitandaoni limepata maana nyingine, nenda kamuulize dada yako, mimi sitaieleza hapa). Mtu wa ofisi ya rasilimali watu akikuta kwenye barua kwamba una mahusiano mazuri na meneja fulani, anaweza kudhani unamtisha kwa majina ya watu. Ulitaka kusema wewe ni mfanyakazi mzuri. Ulichosema ni kwamba una mtu.

Nikupeleke pembeni kidogo, kwa sababu swali lako limenikumbusha dirisha moja la hospitali hapa jijini. Kwenye fomu ya kumlaza mgonjwa huwa kuna mstari wa ndugu wa karibu na pembeni yake kisanduku kimeandikwa "Uhusiano". Muuguzi alimuuliza mzee aliyemleta jirani yake: "Una uhusiano gani na mgonjwa, baba?" Mzee akajibu bila kusita: "Mtani wangu." Muuguzi, binti wa rika lako, aliinua kalamu asijue aandike nini. Aliandika "rafiki". Mzee hakupenda. Alikuwa Mzaramo na mgonjwa Mnyamwezi, na watu wa makabila hayo ni watani tangu enzi za misafara iliyoshuka pwani kutoka bara. Mtani ana kazi msibani ambazo rafiki hana, ana ruhusa ya maneno ambayo ndugu wa damu hana, na hakuna fomu yenye kisanduku chake. Lililobaki kubwa mjini ni Simba na Yanga kuitwa watani wa jadi, na hata hapo utani umebaki na matusi kuliko msaada.

Ninachotaka uone hapo ni kwamba uhusiano ni neno la jumla, la fomu. Linafaa pale usipojua au usipotaka kutaja aina. Waswahili wanapojua aina, hulitaja lenyewe: undugu, ujirani, utani, urafiki, usuhuba, ukwe, uwifi, usomo. Na wakitaka kusema hali ya huo uhusiano, wanarudi kwenye kitenzi na ile -ana yake. Ipo methali inayofanya kazi nzima kwa -ana mbili zinazokaribiana kwa sauti: undugu ni kufaana, si kufanana. Kufanana mnaweza bila kujuana. Kufaana lazima kila mmoja atoe kitu. Herufi moja tu inawatenganisha, na anayeitamka kwa haraka bila kuachanisha zile a mbili anaiua methali yote.

Utajiri wa maneno haya ni mkubwa kuliko tunavyoutumia kwenye barua zetu. Walioshibana ni marafiki waliopita hatua ya kupimana. Walio kama chanda na pete hawaonekani mmoja bila mwingine. Wasioiva chungu kimoja usiwape zamu moja. Wanaosikilizana si lazima wapendane, na kazini wanaosikilizana wanatosha kabisa. Ukitazama, hakuna hata mmoja hapo aliyehitaji neno "uhusiano".

La mwisho la tahajia, maana kwenye picha yako kuna sehemu umeandika "mausiano" bila h, na shemeji hakuiona. Dar es Salaam tunaimeza h bila huruma, lakini kwenye karatasi irudishe, kwa sababu bila h unaingia nyumba nyingine. Kuusia ni kuacha wosia au kumhimiza mtu, na kuusiana ni kuhimizana. Waliopita madrasa wanalijua vizuri kutoka kwenye tafsiri ya Suratul Asr, watu wanaousiana haki na subira. Kuhusiana na kuusiana ni maneno mawili yasiyo ndugu hata kidogo, la kwanza la kushikana, la pili la kuhimizana. Meneja wako wa zamani hakukuachia urithi.

Sasa barua. Mstari wa kwanza usiuanze kwa "kuhusiana na" wala kwa "kuhusu", kwa kuwa YAH imekwisha kuifanya kazi hiyo. Ingia moja kwa moja: "Naomba nafasi ya msaidizi wa ugavi mliyoitangaza." Ile sentensi ya katikati ningeiandika hivi: "Meneja niliyefanya kazi chini yake amekubali kuwa mdhamini wangu, mawasiliano yake yako kwenye wasifu nilioambatanisha." Mtu hakubali kumdhamini aliyegombana naye, kwa hiyo uzuri wa uhusiano umeshasemwa bila kutajwa. Ukisisitiza lazima utajwe, basi: "Tulifanya kazi kwa kuelewana." Usiongeze "sana".

Na ukiitwa kwenye usaili, wakikuuliza wao wenyewe uhusiano wako na meneja huyo ulikuwaje, wapokee kwa neno lao, kwa u- na upatanisho wake: "Ulikuwa mzuri." Kisha wape tukio moja la kazini, kama vile siku nyaraka za mzigo zilipopishana na hesabu ya ghala na jinsi mlivyogawana kazi hadi zikalingana. Jopo litaandika lenyewe kwamba unashirikiana vizuri na watu.